Jibu: Laptopu inayoshinda kwenye chaja, betri itunzwe vipi?

Mkuu, umeuliza kama uichomoe ThinkPad yako kila ikijaa, maana inashinda kwenye umeme kutwa. Hapana, usijisumbue. Betri ikijaa, mashine yenyewe huacha kuichaji na kutumia umeme wa ukutani.

Kinachozeesha betri ya lithiamu ni kukaa imejaa asilimia 100 kwa muda mrefu, na hasa joto likiongezeka juu yake. Kwa hiyo weka kikomo. Fungua Lenovo Vantage, programu ya Lenovo wanaotengeneza ThinkPad, nenda sehemu ya umeme, washa kikomo cha kuchaji, kisha weka ianze ikishuka chini ya asilimia 75 na iishie 80. (Wenye ASUS watakipata kwenye programu ya MyASUS, na Dell nyingi zinacho ndani ya BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka.) Ukiwa na safari, kiondoe usiku ule ujaze mpaka 100, ukirudi ukirudishe.

Joto nalo usilipuuze, nakuomba. Laptopu yangu ya kwanza niliitumia juu ya godoro, matundu ya hewa yakiwa yamezibwa, mpaka betri ikavimba na kuinua kibodi. Ukiona dalili hiyo acha kuichaji siku hiyohiyo, umpelekee fundi, na usithubutu kuibonyeza wala kuitoboa. Meza ngumu inatosha, na feni isafishwe vumbi.

Kama unatumia Windows, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri. Ripoti itakuonyesha ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo iliobaki nao sasa. Tuwekee hapa namba hizo mbili tuzitazame.