Sufi ya kioo, ya mawe au ya karatasi: usichague kwa unene peke yake

Siku nilipopanda darini kutafuta chanzo cha doa la maji, nilishika kipande cha sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zinazotandikwa kuzuia joto, kikachuruzika kama dodoki. Kilikuwa kimelala, kimebaki nusu ya unene wake. Chumba cha chini yake ndicho kilichokuwa na joto kuliko vyote, na kwa miezi nilikuwa nikilaumu bati.

Hapo ndipo nilipoelewa: kinachozuia joto hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Maji yakiichukua nafasi yake, hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo. Nawe ukiibana sufi ya milimita 100 iingie kwenye nafasi ya 50, umeifukuza hewa uliyoinunua.

Ndiyo maana siku hizi simuulizi muuzaji ipi inazuia joto zaidi. Kwa kipimo cha upitishaji joto, sufi ya kioo, ya mawe, ya kondoo na selulosi (ile ya karatasi) zote hucheza karibu na wati 0.04 kwa mita kwa kelvini; namba ikiwa ndogo, joto hupita kidogo. Tazama kwanza itakaa wapi.

Sufi ya kioo ni nyepesi na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Juu ya dari kavu bado naiweka bila wasiwasi. Sufi ya mawe ni nzito zaidi, haiporomoki kirahisi ukiisimamisha ukutani, na haiyeyuki hadi joto lipite nyuzi joto 1000 za Selsiasi. Karibu na bomba la moshi sikubali nyingine. Ikate izidi nafasi kidogo, kama sentimita moja, ijishike yenyewe. Mwanya wa upana wa kidole unatosha kuharibu kazi.

Selulosi ni karatasi kuukuu zilizosagwa na kutiwa chumvi za boroni zisishike moto haraka. Hupulizwa kwa mashine, inafika kwenye kona ambazo mkono haufiki, ila hushuka baada ya muda, kwa hiyo mwambie fundi azidishe kimo. Sufi ya kondoo huvumilia unyevu vizuri, mradi iwe imetiwa dawa ya wadudu.

Unapofanya kazi, vaa mikono mirefu, glavu, miwani na barakoa. Na katika jengo la zamani, ukikuta nyuzi usizozijua, tafadhali usiziguse: huenda ni asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Mwite mtaalamu apime kwanza.

Kwangu, niliitoa ile iliyolowa yote, nikaziba paa, kisha nikasubiri kenchi zikauke kabisa kabla ya kutandika mpya.