Shangazi wa Vitabu Anajibu: Yule binti mshonaji wa London, mwandishi kaongeza chumvi?

*Shikamoo shangazi. Nimemaliza riwaya ya kihistoria niliyoazimwa na jirani, inahusu binti yatima anayeanza kwa kufagia sakafu kwenye nyumba ya washonaji London enzi za Malkia Victoria, anajifunza sindano, anashona usiku kucha, mwisho anafungua duka lake na mabibi wakubwa wanamfuata yeye. Kwenye kikundi chetu cha kusoma tumebishana hadi watu wamenuna. Wengi wanasema hakuna binadamu anaweza kushona zaidi ya masaa 20, na maskini wa kule hawezi kupanda hivyo. Wewe unasemaje?*
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kwenye masaa hapo waambie wenzako chumvi haijaongezwa hata kidogo. Juni 1863 kuna binti wa miaka 20, Mary Ann Walkley, alifia kazini London, kwenye nyumba ya ushonaji pale Regent Street iliyokuwa inashonea mabibi wa jamii ya juu kabisa. Walikuwa wanakimbizana na magauni ya dansa ya heshima ya Princess Alexandra aliyekuwa ameolewa na mtoto wa Malkia mwezi Machi mwaka huohuo. Alishona masaa 26 na nusu bila kupumzika, wasichana 30 wamebanana kwenye chumba kimoja hewa haitoshi, na kulala kwenyewe wawili wawili kitanda kimoja kwenye vijichumba vya mbao. Ijumaa akaanza kuumwa, Jumapili akafa, gauni lililokuwa mkononi mwake hajalimaliza. Magazeti yaliandika sana, na Karl Marx naye akakiweka kisa chake kwenye maandishi yake miaka minne baadaye. Mimi kila nikifika kwenye hilo gauni ambalo halijaisha nanyamaza kidogo.

Halafu lazima mjue kulikuwa na msimu. Bunge likikaa, matajiri wote wako mjini, mpaka mwezi Julai huko ni dansa na karamu tu, na kila bibi anataka gauni lake kesho asubuhi. Na magauni yenyewe si haya yetu, kuanzia 1856 sketi zilikuwa zinatandazwa juu ya fremu ya vyuma vyembamba, kitambaa kinakwenda mita na mita, marinda juu ya marinda, lasi, vifungo. Cherehani ilishaingia lakini yenyewe ilisaidia ile mishono mirefu tu, mapambo yote ni mkono. Na kibaya zaidi ni nguo za msiba. Mume wa Malkia alikufa Desemba 1861, watu wakavaa nyeusi, sasa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, usiku, taa ya gesi! Hapo nawaelewa kabisa kwa sababu mama yangu alikuwa anashona mabuibui, nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano usiku, alikuwa anapapasa mshono kwa kidole gumba maana macho yalikuwa yameshakataa, na asubuhi yamemvimba mekundu.

Kuhusu kupanda sasa, hapo ndo namtetea mwandishi lakini kwa sharti. Mikono mizuri peke yake haikutosha, walikuwepo maelfu wenye mikono mizuri na wakafa maskini. Kilichokuwa kinaamua ni mtaji na wateja, tena matajiri walikuwa wanachukua gauni leo wanalipa wanapojisikia, wakati huohuo muuza vitambaa anataka hela yake, maduka mengi yalikuwa yanakufa hapo katikati. Mfano wa kweli uko Marekani, enzi hizohizo. Elizabeth Keckley alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1818, akawa anashona St. Louis mpaka kipato chake kinalisha familia ya waliommiliki, na mwaka 1855 alijikomboa yeye na mwanawe kwa dola 1,200. Hiyo hela alikopeshwa na wateja wake, mabibi waliokuwa wanavaa magauni yake, na yeye akairudisha kwa kushona. Mwaka 1861 alikuwa anamshonea mke wa Rais Lincoln. Kwa hiyo ile sura ambayo binti wenu anakopeshwa na mteja, ambayo nasikia nyie mmeicheka, kwangu ndo sura ya kweli kuliko zote.

*Shangazi shikamoo, mimi niko kikundi hichohicho ila naishi Mombasa. Kilichoniuma ni yule kijana mpole aliyempenda kwa dhati. Ni mwaka 1864, duka ndo linaanza kusimama, anamposa, binti ananyamaza, anaigeukia cherehani yake, halafu anakataa. Ni kiburi cha pesa ama?*

Marahaba mwanangu, hapana, si kiburi, na najua kwa nini wewe wa Mombasa hukuliona. Huku kwetu pwani mwanamke wa Kiislamu akiolewa mali yake inabaki yake, ni jambo tumezaliwa nalo hata hatulifikirii. Uingereza mwaka huo sheria ilikuwa kinyume. Mwanamke akishaolewa mshahara wake ni wa mume, akiba ni ya mume, vitambaa dukani ni vya mume, na mume akiwa na madeni wanaomdai wanaweza kuja kubeba. Matajiri walikuwa na njia zao za kuwaandikia mabinti zao mali kwa mawakili, lakini mshonaji ataipata wapi hela ya wakili? Mpaka 1870 ndo sheria ikamruhusu mke kushika mshahara wake mwenyewe, na 1882 ndo akaweza kumiliki mali kama mtu kamili. Upole wa kijana haukubadilisha chochote, kijana akiugua, akianza kunywa, akidaiwa, basi.

Sasa irudie hiyo sura taratibu. Hiyo cherehani alikuwa anailipia kidogo kidogo, umeshasoma jinsi alivyokuwa anaruka chakula cha mchana ili aipate hela ya wiki. Siku ya harusi ingekuwa ya bwana.