Swali la lugha: "Viondoa sumu" au "vioksidishaji"?

SWALI: Naandaa kipeperushi kuhusu faida za mboga na viungo. Vile viambato vya mimea vinavyokinga seli, pengine naona vinaitwa "viondoa sumu", pengine "vioksidishaji". Niandike lipi? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, yaache yote mawili, na hilo la pili uliogope zaidi. Ki- mbele ya kitenzi na -ji nyuma yake hutupa kile kinachotenda: kifyonzaji hufyonza. Basi kioksidishaji ndicho kinachooksidisha, yaani kinachonyang'anya molekuli nyingine elektroni (chembe zake ndogo mno): mharibifu mwenyewe. Ukiandika "mchicha una vioksidishaji vinavyolinda seli", umemkabidhi mwizi ufunguo wa ghala.

"Viondoa sumu" linapendwa kwa kuwa linaeleweka, ila linapotosha. Seli huoksidishwa hata kwa hewa hii tunayovuta. Inapotumia oksijeni kupata nishati, huzaliwa molekuli zilizopungukiwa elektroni, nazo hunyang'anya za jirani: mafuta ya utando, protini, hata vinasaba. Kiambato cha mmea hutoa elektroni yake, unyang'anyi ukakoma hapo. Kinachotokea ni kuzuia.

Kata biringanya, uliache kidogo: linageuka kahawia. Lingine likamulie ndimu mara tu ulikatapo, linakaa jeupe. Hakuna sumu iliyotolewa pale. Asidi na vitamini C ya ndimu vimezuia oksijeni isifanye kazi yake.

Kwa hiyo napendekeza kizuiaoksidishaji, wingi vizuiaoksidishaji, kwa neno moja, kama tulivyokwisha kuzoea kiuavijasumu. Ni refu, nakubali. Lieleze mara ya kwanza, wasomaji watalishika. Antioksidanti nalo si kosa, mradi ulipatanishe vizuri: antioksidanti hii, antioksidanti hizi. "Maantioksidanti" hapana.

Angalia na vitenzi vyako, maana kipeperushi husomwa na mgonjwa. Usiandike "hutibu". Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Finland uliohusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000: waliopewa vidonge vya beta-karotini, kizuiaoksidishaji kinachojulikana sana, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Andika hivi: "Karafuu ina yujenoli, ambayo katika majaribio ya maabara huzuia oksidishaji."