Mlango ukibamizwa, natetemeka

Swali: Nina miaka 34. Nilikulia kwenye nyumba ya vipigo. Hadi leo mlango ukibamizwa natetemeka, na usiku silali. Je, ni utoto ule?

Jibu: Huenda, dada, wala si udhaifu wako. Mwili wa mtoto anayeishi kwa hofu huzoea kukaa chonjo. Hatari hupita, mazoea hubaki. Utoto wa namna hiyo huongeza uwezekano wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ukubwani, ila haumhukumu mtu.

Ukitetemeka, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, kwa dakika 5. Ukienda kwa mshauri nasaha, usijilazimishe kusimulia yote siku ya kwanza. Kumbukumbu zikifumuliwa haraka, jinamizi huweza kuzidi. Ukiwaza kujiua, nenda hospitali siku hiyohiyo.