Usilipie hiyo CV, kila mstari wake utaulizwa mezani

Mkuu, usimtumie huyo jamaa hiyo 20,000. Na kama umeshamtumia, hiyo hela ihesabu imekwenda, lakini CV aliyokutengenezea usiiambatishe popote.

Kwa wanaoingia sasa: muuliza swali amemaliza stashahada ya uhasibu, ana wiki nane za mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya mweka hazina wa halmashauri, na tangazo la msaidizi wa hesabu analolitaka linafungwa Ijumaa. Ameuliza kama aweke picha, kurasa ziwe ngapi, wadhamini wawe nani na nani, na barua aandike kwa lugha gani. Pamoja na maswali hayo ameweka sampuli aliyoandaliwa na mtu wa grupu la WhatsApp, na humo kuna mstari unaosema kwamba akiwa field "aliandaa taarifa za fedha za halmashauri kwa viwango vya IFRS na kuishauri menejimenti kuhusu masuala ya fedha".

Mstari huo ndio utakaokunyima kazi. Picha na kurasa ni mambo madogo kabisa mbele yake.

Hebu usome kama atakavyousoma msaili. Halmashauri hazitumii IFRS, hivyo ni viwango vya hesabu vya kampuni. Serikali ya Tanzania, halmashauri zikiwemo, huandaa hesabu zake kwa IPSAS, yaani viwango vya sekta ya umma. Mhasibu yeyote wa serikali akiona neno hilo kwenye CV yako anajua papo hapo kwamba aliyeandika hakuwepo. Swali litakuja hivi: "Umesema mliandaa kwa IFRS. Ile taarifa ya kulinganisha bajeti na matumizi halisi mliiandaaje?" Taarifa hiyo ni matakwa ya IPSAS, kwenye IFRS haimo. Utababaika, na ukishababaika hapo hata mistari yako ya kweli inaanza kutiliwa shaka.

Kuna la pili. Mwaka wa fedha wa halmashauri unaishia tarehe 30 Juni na hesabu zinatakiwa zimfikie CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kabla ya Septemba kwisha. Kazi hiyo ni ya mweka hazina na wahasibu wake wazoefu, na miezi hiyo hawapumziki. Hakuna jopo litakaloamini kwamba mwanafunzi wa wiki nane ndiye aliyeziandaa. Huenda ulisaidia kutafuta na kupanga viambatisho walivyovihitaji, na hiyo ni kazi halali inayoandikika vizuri sana kwenye CV. Lakini huyo mtu wako hakukuuliza ulifanya nini.

Hapo ndipo hawa wauza CV wanaponichefua. Wanachukua maelezo ya kazi ya mhasibu mkuu wa kampuni fulani kwenye intaneti, wanayabandika kwa kila anayelipa, wanabadilisha jina na namba ya simu. Juu wanaweka ile aya ya "mchapakazi, mbunifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa", ambayo ndiyo hiyo hiyo kwa muuguzi, dereva na mhandisi. Wanaiita CV ya kimataifa. Wanajua kabisa kwamba siku ya usaili hawatakuwepo, utakaa peke yako mbele ya watu watatu wenye karatasi yako mkononi. Kijana hana ajira, hela yenyewe ya kuazima, halafu anauziwa kitu cha kumwangusha. Ni dhuluma.

Fanya hivi. Tafuta daftari lako la field, lile ulilokuwa unajaza kila siku na msimamizi anasaini. Kama uliliwasilisha chuoni bila kubaki na nakala, kaa chini uandike wiki kwa wiki unachokumbuka. Kisha chagua kazi nne au tano ulizozifanya kwa mkono wako, na kwa kila moja ujijibu: nilifanya nini hasa, kwa nyaraka au mfumo gani, kwa kiasi gani, na makosa niliyoyaona yalikuwa yapi.

Tuchukue hati za malipo, maana karibu kila aliyepita ofisi ya mweka hazina amezigusa. Wengi huandika "kushughulikia malipo" wakaishia hapo. Andika: "Nilikagua viambatisho vya hati za malipo takriban 20 kwa siku kabla hazijaingizwa kwenye mfumo wa malipo wa MUSE: oda ya manunuzi (LPO), ankara, hati ya kupokelea bidhaa na risiti ya EFD. Zilizopungua nilizirudisha idarani na kuziandika kwenye rejista." Hiyo 20 ni mfano wangu, wewe weka idadi yako. Mstari huo ni mdogo kuliko ule wa IFRS, ila una nguvu, kwa sababu maswali yake yote unayaweza. Ukiulizwa kwa nini hati ya kupokelea bidhaa ni muhimu, utasema bila hiyo hakuna ushahidi kwamba mali imefika na halmashauri inaweza kulipia hewa. Ukiulizwa kodi ya zuio kwa mzabuni wa bidhaa, utasema asilimia 2, na kwa huduma asilimia 5, kwa sababu ulikuwa unaziona kwenye hati zenyewe. Ukiulizwa risiti ya EFD isipokuwepo mlifanyaje, unayo habari ya kusimulia.

Usuluhisho wa benki nao ni hivyo hivyo. Kama ulikaa na mhasibu ukamsomea taarifa ya benki naye akaweka alama kwenye daftari la fedha, andika kwamba ulisaidia kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha kwa akaunti kadhaa, na mlichokuwa mnakitafuta: malipo ambayo hayajapita benki, makato ya benki ambayo hayajaingizwa daftarini, fedha zilizopokelewa benki bila kujulikana zimetoka wapi. Neno "nilisaidia" halikushushi hadhi. Linamwambia msaili kwamba unajua mpaka wa kazi yako, na kwenye kazi ya hesabu, hiyo ni sifa kubwa. Kama ulikuwa upande wa mapato, sema ulilinganisha taarifa za mashine za POS za wakusanyaji na stakabadhi za kuweka fedha benki. Hapo ndipo fedha za halmashauri nyingi hupotelea, na anayekusaili analijua hilo.

Takwimu usibuni. Kadiria kutokana na rejista, weka "takriban", na uwe tayari kueleza ulivyofikia. Majina ya wazabuni na kiasi walicholipwa usiyaweke kabisa, hizo ni siri za ofisi, na anayetoa siri za ofisi ya jana haaminiwi na ofisi ya kesho.

Kanuni ni moja: mstari ambao huwezi kuuzungumzia dakika tatu bila kusoma popote, ufute. Mpe rafiki CV yako akuulize kwa kila mstari kwa nini kazi hiyo hufanywa, wewe ulitumia nini, na ilipoharibika ikawaje. Ukikwama kwenye mawili kati ya hayo, mstari hauko tayari. Hii inagusa hata ile michoro ya "Excel asilimia 90" iliyopo kwenye sampuli yako. Asilimia 90 ya nini? Andika unachoweza: VLOOKUP, PivotTable, kuchuja na kupanga data. Wakikuwekea kompyuta, utafanya hicho hicho. Programu ya uhasibu kama QuickBooks au Tally uliyoiona darasani tu, andika umejifunza darasani.

Halafu hiyo safu mbili na rangi ya bluu pembeni iondoe. Waajiri wengine hupitisha CV kwenye programu inayosoma maandishi, na maandishi ya safu mbili huchanganyika, namba ya simu iliyo kwenye kisanduku cha juu hupotea. Jaribu mwenyewe: fungua PDF, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye Notepad. Ukiona mwaka wa kumaliza shule umeingia katikati ya barua pepe yako, basi na wao wanaona hivyo hivyo.

Picha: kama ni kupitia Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, kuna sehemu yake ya kupakia, kwenye CV haina kazi. Mdhamini wa kwanza awe msimamizi wako wa field, na hapo tunarudi kwenye kanuni ile ile, kwa sababu akipigiwa ataulizwa kama kweli ulifanya ulichoandika. Mtumie mistari yako leo kabla hujaomba kazi, umwambie akurekebishe. Yeye anakumbuka mengine uliyofanya ambayo wewe umeyasahau, na hatakanusha kitu alichokisoma akakikubali.

Daftari likipatikana usiku huu, andika mistari mitano uiweke hapa kabla ya Alhamisi, majina ya watu na namba za simu ukiwa umeyatoa. Wahasibu wapo humu, tutakuuliza kama watakavyokuuliza wao.