Ukitaka sarafu za Kirumi, anza na mgongo wake

Wiki iliyopita nimempata kiboko wangu, yaani sarafu ya Kirumi yenye picha ya kiboko. Nilikuwa nikimwinda miaka kadhaa kwenye minada ya hapa Uingereza, kila mara bei inanipita, na safari hii hakunipita. Kwa furaha nikarusha picha kwenye kundi la ukoo. Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu ninayemheshimu sana: "Hela hiyo si ungenunua saruji?" Liliniuma, na sitaficha kwamba bado linaniuma. Jioni hiyohiyo msomaji mmoja akaniandikia kutoka Mwanza, anataka kujua aanzie wapi na sarafu za Kirumi. Namjibu yeye, na ninyi nyote wenye hamu hii mnaoogopa kuisema mbele za watu.

Kwanza niwaonyeshe kiboko mwenyewe. Ni sarafu ya fedha iliyochanganywa, gramu 4 hivi. Upande wa kichwa yupo Otacilia Severa, mke wa kaisari Philip, yule aliyezaliwa Siria. Igeuze sasa. Kiboko amesimama akitazama kulia, mzito, miguu mifupi, tumbo limeshuka karibu na mstari wa ardhi. Juu yake maneno SAECVLARES AVGG, yaani michezo ya karne ya makaisari, chini yake IIII. Mwaka 248 Roma ilisherehekea kutimiza miaka 1,000, wanyama wakapelekwa uwanjani, na karakana za kufua sarafu zikagawiwa alama: simba ana I, mbwamwitu anayenyonyesha mapacha ana II, kiboko akapewa IIII, yaani karakana ya nne. Mnyama wa mito ya Afrika, kwenye sherehe kubwa ya mji ule, na leo yuko kiganjani mwangu mimi Mwafrika. Kwangu saruji haifikii hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usikusanye vichwa vya makaisari. Kila anayeanza hukimbilia majina makubwa, Nero, Augusto, Julius Caesar, na pesa zinaishia hapo. Anza na upande wa nyuma. Mgongo wa sarafu ya Kirumi ni kama kanga: kuna picha, kuna usemi, na kuna mtu anayetumiwa ujumbe. Askari aliyelipwa mshahara alipokea na maneno ya kaisari humohumo. Mwanamke mwenye mizani ni Aequitas, haki katika vipimo. Mwenye usukani wa meli ni Fortuna. Anayemlisha nyoka ni Salus, afya. Ukishawajua hao, sarafu inaanza kuongea nawe.

Na usisome ujumbe tu, uliza kwa nini umetumwa. Mwaka 238 Seneti iliwaweka madarakani makaisari wawili kwa pamoja, Balbinus na Pupienus. Sarafu zao zina mikono miwili iliyoshikana, na maneno ya upendo wa pande zote mbili. Ukweli ni kwamba hawakuaminiana hata kidogo. Baada ya miezi kama mitatu, walinzi wao wenyewe waliwakamata na kuwaua wote wawili siku moja. Tangu nijue habari hiyo, kila nikiona mikono ile nasikia hofu yao. Ndugu zangu, mtu akianza kutangaza umoja kwa nguvu hivyo, chunguza nyumba yake.

Najua mtaniambia ni ghali. Kiboko ni ghali, ndiyo, lakini si pa kuanzia. Anza na wanyama wa kaisari Gallienus. Huyu baba yake, Valerian, alitekwa na Waajemi mwaka 260, dola ikaanza kumeguka, na Gallienus mwishoni mwa utawala wake akafua sarafu za kuomba ulinzi wa miungu mmoja baada ya mwingine. Paa na kulungu ni wa Diana, chui ni wa Liber mungu wa mvinyo, na nusu mtu nusu farasi ni wa Apollo. Ni shaba yenye ngozi nyembamba ya fedha, nyingi zimefuliwa vibaya, na bei yake mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Mwaka 268 aliuawa karibu na Milano. Nyingine nzuri ya kuanzia ni zile za kuanzia mwaka 348 zenye FEL TEMP REPARATIO, nyakati njema zimerudi. Wengi wanachukua ya askari anayemchoma mkuki mpanda farasi. Mimi nawaambia tafuteni ile ya ndege feniksi: ni ndogo na inapendeza zaidi.

Kuhusu bandia: nunua mizani ndogo ya sonara na lenzi, kagua ukingo kama una mshono, kagua uso kama una vitundu vya viputo. Usisafishe kwa ndimu wala siki. Ule utandu wa kijani ukiutoa, umeua sarafu.

Lakini kubwa kuliko yote ni karatasi za kuonyesha sarafu ilitoka wapi, na hapa sitaki mchezo. Mwaka 2020 hapa London iliuzwa sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, yenye majambia mawili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru kati yake, ukumbusho wa mauaji hayo. Ilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni 3. Baadaye ikagundulika historia ya umiliki wake ilikuwa ya kughushi, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Sisi ambao vitu vya mababu zetu vimejaa kwenye makabati ya Ulaya hatuna ruhusa ya kununua kitu kilichoporwa kwa wengine. Uliza ilitoka wapi, ilikuwa ya nani, iliuzwa mnada gani. Muuzaji akisema karatasi hana ila bei atapunguza, mrudishie sarafu yake. Paa wa Gallienus wako wengi, utampata mwingine mwenye karatasi.