Maswali ya Wasomaji: Nataka Mama Aseme "Washa Taa" na Iwake

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina bodi ya ESP8266 (kompyuta ndogo yenye WiFi) na rilei moja (swichi inayoendeshwa na bodi), taa naiwasha kwa simu bila shida, sasa nataka mama aongee Kiswahili tu iwake maana magoti yanamsumbua na swichi iko mbali mlangoni. Halafu umeme ukikatika ukirudi taa inajiwasha yenyewe hata saa nane usiku. Rilei nimeiunga pini ya D8. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama ndugu yangu, na hongera sana kwa kumfikiria mama. Hiyo taa ya saa nane chanzo ni D8, pini hiyo lazima iwe chini (LOW, yaani volti sifuri) bodi inapoamka, na rilei nyingi za madukani zinawaka pini ikiwa chini. Hamishia D1 au D2, na kwenye kodi weka digitalWrite HIGH kabla ya pinMode ili pini ianze ikiwa juu na rilei ibaki imezima, itatulia.

Kwenye sauti, ESP8266 haitakutosha, tafuta bodi yenye nguvu zaidi ya ESP32-S3 na maiki ya INMP441 (ipe volti 3.3, usiipe 5). Amri zinazokuja tayari kutoka Espressif, watengenezaji wa chipu hizi, ni za Kichina na Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili utakifundisha mwenyewe kwa Edge Impulse (huduma ya mtandaoni ya kuifundisha mashine kutambua sauti), na hapa ndo penye kazi yenyewe. Rekodi "washa taa" na "zima taa" kwa sauti ya mama mwenyewe, akiwa kwenye kiti chake, feni inazunguka, tivii imewaka, na utumie maiki ileile itakayofungwa. Halafu rekodi "wacha" nyingi sana uziweke kwenye kundi la maneno ya kupuuza, maana nyumba yenye watoto "wacha" inasemwa kutwa nzima na mashine inaisikia kama "washa", ukiruka hapo taa itawaka hovyo na mama ataichoka. Ukimaliza yote yanafanyika ndani ya bodi, bando likiisha bado inasikia.

Umeme wa ukutani ni volti 230, zima meni swichi kwanza, upime kwa testa, rilei ikate waya wa moto na siyo nyutro, na kama hujazoea mwite fundi umeme. Mwambie afunge swichi ya tu-wei ukutani (ile ya kuwasha taa moja kutoka sehemu mbili), na COM, NO na NC za rilei, yaani sehemu zake tatu za kuunga waya, ziwe upande wa pili, ili bodi ikigoma mtu bado anawasha kwa mkono.